Watoto wa Mbuzi Walioshtakiwa kwa Ulevi

Siku ya kuniaga ofisini walinipa blanketi na hotuba ndefu, na mtoa hotuba akanisifu kwa kampeni ya chanjo iliyofanywa na mtu mwingine kabisa. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa humu. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nawaandikia ninyi vijana mliorithi pikipiki zangu mbovu, ili siku mtakapoitwa kwenda kuangalia mbuzi anayedaiwa kulewa, msidhani ninyi ndio wa kwanza.

Mimi ni Mkuria wa Kegonga. Serikali, kwa busara ambayo hadi leo haijanieleza, ilimchukua binti wa Kikuria ikampeleka Ndhiwa kutibu ng'ombe wa Wajaluo. Wanaojua historia ya kuibiana ng'ombe kati yetu na jirani zetu hao wataelewa kwa nini nilikwenda roho mkononi. Boma la kwanza nililoingia, mwenyewe alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanipa uji, nikamdunga ndama wake sindano. Nilipofika langoni niligeuka ili kuaga, nikamkuta anahesabu ng'ombe zake. Hakuona haya.

"Si mambo mbaya, daktari," aliniambia. "Ni kuangalia tu."

Daktari sikuwa. Nilikuwa msaidizi wa afya ya mifugo, mwenye cheti kipya na gambuti za kiume zilizonipwaya. Lakini huku mtu yeyote mwenye sindano ni daktari, hata kama sindano yenyewe ameiiba. Dholuo sikukijua hata neno, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Jina walinipa wenyewe, Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na nimestaafu nalo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ochola, msaidizi mkongwe mwenye tumbo kubwa na baiskeli ndogo. Vitabu vyake vya chuo alivitumia kuzuia mlango usijifunge. Kitu alichokipenda ni hori. Tukifika bomani, kabla sijamgusa mnyama, aliniamuru nitie mkono ndani ya hori mpaka chini kabisa, halafu ananihoji mbele ya wenye boma.

"Umepata nini?"

"Majani, mzee. Na pumba."

"Chini ya pumba?"

"Unga wa omena."

"Chini ya omena?"

"Mchanga."

"Hiyo mchanga imetoka wapi?"

Mchanga ulitoka ufuoni Homa Bay, kule omena, wale dagaa wa ziwani, zinakoanikwa na kupimwa kwa debe, na debe halijali limejazwa nini mradi lijae. Mwenye boma alikuwa akimpa ng'ombe wake mwenye mimba omena ili mifupa ya ndama iwe imara. Wazo lilikuwa zuri, ila nusu ya alichonunua ilikuwa ufuo. Ochola alimtazama ng'ombe yule kwa huruma, akasema kwamba amelishwa ziwa lakini samaki wakabaki sokoni.

Ochola alikuwa na namna yake ya kueleza madini. Najua huku ukitaja neno hilo watu hugeuza macho kuelekea machimbo ya dhahabu ya Macalder na kuuliza bei ya gramu. Haya yetu hayachimbwi kwa sururu. Ni kalsiamu, fosforasi, chuma, shaba, zinki, vitu ambavyo mnyama anavihitaji kidogo tu, na kidogo hicho kikikosekana hakuna lori la majani litakaloziba pengo. "Mama mwenye mimba ni watu wawili kwa sahani moja," Ochola alizoea kusema, "na ule wa ndani hana mkono." Mama akipungukiwa, atachota kwenye mifupa yake na kwenye ini lake. Akiishiwa kabisa, wa ndani ndiye anayeumia, na anaumia kabla hajaiona dunia.

Kazi ya kwanza niliyoifanya peke yangu ilikuwa ya ng'ombe aliyezaa vizuri kisha akalala, shingo ameikunja ubavuni, masikio baridi. Maziwa yalikuwa yamefyonza kalsiamu yote ya damu. Nilipofika nilikuta kundi la maombi limeshamzunguka, na kiongozi wao amemwekea mkono kwenye pembe. Sikutaka kugombana na Mungu siku ya kazi. Niliomba nafasi upande wa shingo, nikapasha chupa ya kalsiamu kwapani, nikatafuta mshipa, nikaiacha dawa iingie polepole, mkono mmoja kwenye mpira na mwingine kifuani kusikiliza moyo. Wao wakaimba, mimi nikadondosha. Chupa ilipokaribia kwisha ng'ombe alitetemeka, akacheua, akajinyanyua.

"Amina," wakasema. Kiongozi wa maombi alipewa kuku. Mimi nilipewa maji ya kunawa.

Pasheni chupa hiyo kila mara, vijana, na msiiharakishe. Dawa ikiingia mbio moyo husimama, na hapo ndipo watu wote watakapokumbuka kwamba daktari alikuwepo. Siku ileile, wanawake wa boma walikuwa wakinitazama huku wakitafuna odowa, lile jiwe laini la udongo ambalo wajawazito wa huku hulitamani. Mmoja aliuliza kama ng'ombe naye apewe. Nilimwambia udongo ule unajaza tumbo tu na kushika chuma kisiingie mwilini, na kwamba hata yeye mwenyewe angepunguza. Alinisikiliza kwa makini, akauma kipande kingine.

Miaka ikapita, Ochola akastaafu na baiskeli yake, nami nikahamishiwa Awendo, mji ambao hata vumbi lake nadhani lina sukari. Malori ya miwa hupita yakidondosha, watoto huokota, na mbuzi huigombania na watoto. Huko ndiko nilikoijua molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Molasi ina wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni wafugaji. Wa pili ni wapika chang'aa, ile pombe kali ya magendo. Mitungi ni ileile, pikipiki za kubeba ni zilezile, na harufu ikishika nguo haisemi imetoka kwa nani. Kwa hiyo mtu mwenye ng'ombe mmoja Awendo anaishi akishukiwa mpaka kufa kwake.

Karibu na hapo aliishi Mwalimu Okeyo, aliyekuwa amestaafu ukuu wa shule ya msingi. Alikuwa mzee wa kanisa kwa watu wa Sabato tangu kanisa lenyewe likiwa la nyasi. Pombe aliichukia kiasi kwamba hata soda hakunywa, kwa kuwa inatoa povu. Alihubiri juu ya ulevi mara kwa mara, na wapika chang'aa wote wa lokesheni waliujua wimbo ambao angeanza nao. Alifuga mbuzi wa maziwa, weusi, wenye masikio ya kulala, akawasimamia kama darasa la mtihani. Kila mmoja alikuwa na jina, na zizi lilipigwa fagio kabla ya sebule.

Mwaka mmoja mvua ilikosa adabu na nyasi zikaisha. Wakati huohuo mtaalamu fulani alikuja na projekta yake, akafanya semina kwenye hoteli yenye chapati nzuri, akawaambia wafugaji kwamba molasi ni nguvu. Alisema pia kwamba iwe kidogo, lakini alilisema hilo chapati zikiingia. Mwalimu alirudi nyumbani akaanza kuwamwagia mbuzi wake molasi juu ya vichwa vya miwa, asubuhi na jioni, kwa ukarimu wa mtu ambaye hajawahi kulewa na kwa hiyo hajui kupima.

Mbuzi walinenepa. Wakapata mimba, wakazaa. Watoto walikuwa wakubwa, wazuri wa sura, lakini kwa nyuma hawakuwa na breki. Miguu ya mbele inasimama, ya nyuma inayumba kushoto, inayumba kulia, mtoto anakaa kitako, anajaribu tena, anaanguka ubavu. Wa kwanza kuwaona alikuwa jirani aliyekuja kuazima jembe. Alicheka mpaka akalisahau jembe.

"Mwalimu," alisema, "hawa watoto wako wamekunywa."

Kabla jua halijatua Awendo nzima ilikuwa na maelezo kamili. Mwalimu anapika chang'aa kwa siri, mbuzi wanakula masalia, na watoto wanazaliwa wakiwa wamepiga maji. Ushahidi ulikuwa mitungi ya molasi uani. Wapika chang'aa wenyewe ndio walioieneza habari hiyo kwa bidii kuliko wote, na siwezi kuwalaumu, maana walikuwa wamehubiriwa muda mrefu.

Chifu alifika na askari wawili. Alikuwa amefundishwa na Mwalimu utotoni, na ilionekana wazi kwamba hapo palikuwa na fimbo ambazo hakuzisahau.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu sana," alianza. "Lakini hizi mitungi yote ni ya nini?"

"Ni ya mbuzi, chifu."

"Mbuzi ngapi?"

"Saba wakubwa."

"Saba. Na wanamaliza hii yote bila kusaidiwa?"

Walipekua jikoni, ghalani, chini ya vitanda na nyuma ya choo. Walipata Biblia, nyimbo za kanisa na rundo la karatasi za mtihani ambazo Mwalimu hakuwa na moyo wa kuzitupa. Sufuria ya kupikia pombe hawakuiona. Chifu aliondoka amenuna kama mtu aliyekuta harusi imeahirishwa. Ila kwa watu, chifu kutopata kitu hakukumsafisha mtu. Walisema tu kwamba Mwalimu ana akili nyingi.

Juma lile kamati ya kanisa ilitangaza kikao cha kumjadili. Mke wake, Min Akinyi, yaani mama wa Akinyi, alinipigia simu.

"Nyar Kuria, kuja. Mzee hakuli. Amekaa kwa mbuzi tu."

Nilimkuta ndani ya zizi juu ya kigoda, mtoto wa mbuzi mweusi mapajani, anamnywesha maziwa kwa chupa ya soda ya kuazima, iliyovikwa chuchu ya mpira. Hakunisalimu, na Mwalimu alikuwa mtu wa salamu.

"Watanifuta," alisema. "Jumapili jina langu inatolewa kwa kitabu ya washiriki."

"Kwa sababu ya mbuzi?"

"Kwa sababu ya pombe. Nyar Kuria, mimi nimezika karibu watu wote wa hapa. Nimesimama kwa kaburi zao nikaanza wimbo. Mimi wakinifuta, nani ataimba? Nitafukiwa kimya, kama mtu ameokotwa kwa barabara."

Wengi wenu ni watu wa huku, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza maziko ni nini kwa Mjaluo. Nilimwonea uchungu. Nilifanya kile ninachokijua, nikatia mkono kwenye hori.

Hori lilinata. Vichwa vya miwa vilikuwa vimelowa molasi hadi mashina. Ubavuni lilining'inia jiwe la madini la kulamba, jekundu, la kununua. Nililamba. Ndiyo, nililamba, nanyi mtalamba siku moja. Lilikuwa chumvi ya jikoni, saruji, na udongo mwekundu wa kichuguu. Kisha nikawatoa mama zao nje kwenye mwanga. Mbuzi waliokuwa weusi walikuwa wamegeuka rangi ya kutu, manyoya yamekauka, na kuzunguka macho wamefanya weupe kama waliovaa miwani. Mwalimu alidhani ni jua. Wawili walikuwa wanalamba ukuta.

Walikuwa wameishiwa shaba. Nawaeleza kama nilivyomweleza yeye. Mtoto akiwa tumboni, mwili wake unatumia shaba kuufunika uti wa mgongo, kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Shaba ikikosekana, waya zinabaki wazi na amri ya ubongo haifiki miguu ya nyuma. Vichwa vya miwa vina shaba kidogo tangu mwanzo. Molasi ina salfa nyingi, na salfa ikifika tumboni inaishika ile shaba kidogo isiingie mwilini. Udongo mwekundu wa lile jiwe una chuma, na chuma kikizidi nacho kinaizuia shaba hiyohiyo. Mama hawaonekani wagonjwa, maana molasi inawanenepesha. Mwalimu alikuwa analisha kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, asubuhi na jioni, bila kukosa, maana ndivyo walivyo walimu wakuu.

"Kwa hivyo hawajalewa," alisema.

"Hawajalewa, Mwalimu."

"Basi wape hiyo shaba."

"Hawa wameshazaliwa. Hiyo kazi ilikuwa ifanywe wakiwa ndani. Lakini kuna mama watatu wenye mimba changa, hao tunaweza kuwahi."

Alimtazama yule mweusi mapajani. Mtoto alikuwa amemaliza maziwa na anamnyonya kidole.

"So ni mimi nimewafanya hivi," alisema.

"Ni chakula."

"Chakula nilikuwa natoa mimi."

Niliwatoa damu mama wote na kumpasua mtoto mmoja aliyekuwa amekufa, nikatuma sampuli maabara, ambako nilijua zingepumzika vizuri kwenye friji. Molasi tuliipunguza ikawa ya kunyunyiza tu. Mwalimu akaanza kutafuta majani ya viazi vitamu na matawi ya kaliandra kwa jirani, wale waliokuwa bado wanamfungulia mlango. Nikampa madini yenye shaba kwa wale watatu, kwa kipimo, nikiwa nimesimama pale pale. Shaba si ya kumwaga. Ikizidi inaua ini, na kondoo humuua upesi zaidi. Niliogopa kumwachia Mwalimu kopo, maana nilishaijua bidii yake. Watoto wengine walioshindwa kusimama walichinjwa. Yule wa mapajani Mwalimu alikataa achinjwe, na hakutoa sababu.

Nikapitia dukani kwa Jared, aliyekuwa akiuza dawa za mifugo katika koti jeupe ambalo hakuna aliyejua alilisomea wapi.

"Hii jiwe yako iko na nini ndani?" nilimuuliza.

"Madini yote, daktari."

"Yote ni yapi?"

"Yale yote yanatakikana."

"Na mbona ni nyekundu?"

"Ya nyeupe wateja hawanunui."

Wiki nzima ile hilo ndilo lilikuwa jibu la pekee la kweli nililopewa na mtu. Nilimripoti. Ripoti ilisafiri kwenda juu, na sijasikia kwamba imefika. Jared naye akaanza kuyatengeneza ya kijani.

Jumapili nilikwenda kwenye kikao, saa ambayo mimi Mkatoliki nilipaswa kuwa misani, na hiyo dhambi nimewaachia mbuzi. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Olang', alikuwa fundi wa kushona, mtu mpole, mwembamba, aliyesema kila jambo kwa upole, hata yale ambayo hayafai kusemwa kabisa. Mwalimu aliketishwa kwenye kiti peke yake mbele. Pale mbele ndipo alipozoea kuhubiria.

"Daktari, tuambie kwa ufupi," alianza mwenyekiti. "Mbuzi walilewa ama hawakulewa?"

"Hawakulewa. Watoto walikosa shaba wakiwa tumboni."

"Lakini molasi, mama zao walikula."

"Walikula."

"Katibu, andika. Walikula."

Nikaeleza upya. Nikaleta mfano wangu wa waya, ambao nilikuwa nikiujivunia, na mzee mmoja wa nyuma akauliza kama mbuzi wa namna hiyo anaweza kumpiga mtu shoti. Nikaeleza habari ya salfa. Katibu aliandika "kiberiti", na nikaona nyuso zikikunjamana, maana kwa wasomaji wa Biblia kiberiti kinajulikana kinatoka wapi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Mwalimu alivyozidi kuwa na hatia.

Ndipo akasimama shemasi mmoja, shemeji wa Min Akinyi kwa upande wa mumewe, mtu wa sauti.

"Mimi nimepita kwa hiyo boma," alisema. "Na molasi haiwezi kunidanganya. Mbichi iko na harufu yake. Ikikaa siku kadhaa iko na ingine. Ikianza kuchemka, hiyo sasa ni ingine kabisa, inashika hapa kwa koo."

Min Akinyi alikuwa amekaa pembeni na wanawake. Akasimama polepole, akajifunga leso vizuri.

"Na ya kwetu ilikuwa gani, shemeji?"

"Ya kwenu..." Shemasi alifikiri. "Ya kwenu ilikuwa mbichi."

"Asante. Sasa tuambie hiyo ya kuchemka wewe umeinusia wapi."

Mtu akakohoa. Mwingine akakumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Nilihesabu wanaume waliokuwa wanatazama viatu vyao nikaacha, walikuwa wengi. Mwenyekiti Olang' akasema, kwa upole wake, kwamba mjadala umetosha na tusiingie mambo ya ndani ya watu. Wakanong'onezana, wakapiga kura kwa kuinua mikono, na Mwenyekiti akasimama kutangaza.

"Mwalimu, kanisa imekusamehe."

Mwalimu aliinua uso. "Mnanisamehea nini?"

"Pokea tu, ndugu. Kusamehewa si vita."

"Nauliza nimekosa nini."

"Mambo imeisha, Mwalimu. Jina yako imebaki."

Alimgeukia mkewe. Min Akinyi alikuwa analia, na si kwa furaha. Nadhani Mwalimu alikuwa anafikiri juu ya kaburi lake na nani ataanza wimbo. Akasema asante, kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini. Wakaimba, wakampa mikono mmoja mmoja. Mimi nilitoka nje kabla sijasema neno ambalo lingenifanya nami nihitaji kusamehewa.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye, yakasema shaba ilikuwa chini mno, kwa mama na kwa mtoto. Nilimpelekea Mwenyekiti Olang' kwenye cherehani yake. Aliyasoma mpaka chini, akayakunja vizuri, akasema ni jambo jema lakini kikao kilishafungwa. Mtaani habari zilikuwa zimeshatulia kwa namna yao, kwamba Mwalimu alikuwa anapika, akakiri, akasamehewa. Watu wakaanza kumwonyesha huruma. Alikuwa radhi watu wamchukie kuliko huruma ile.

Mbuzi wa kwanza kati ya wale watatu alizaa siku ya Jumamosi. Mwalimu hakwenda ibadani, nami aliniita. Walitoka mapacha, weusi ti, na kabla hata mama hajamaliza kuwalamba, wa kwanza alikuwa amenyanyua nyuma, akapepesuka kama kila mtoto wa mbuzi anavyopepesuka, kisha akasimama. Akapiga hatua. Wa pili naye. Wakatafuta kiwele, wakakipata. Min Akinyi akapiga kigelegele, na mimi, mtu niliyezalisha mifugo maisha yangu yote, nililia bila hata kugeuka pembeni.

Kigelegele kilisikika mbali. Watu wa kanisa walikuwa wanatoka ibadani, wakakata kona, wakaja na makoti yao ya Sabato, Mwenyekiti Olang' mbele. Aliwatazama mapacha wakinyonya, akavua kofia, akainua mikono.

"Mnaona, ndugu," alisema. "Mtu akitubu, hata mifugo inasimama."

"Amina," wakajibu.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilifungua mdomo, na kilichokuwa kinakuja hakikuwa na upole wowote. Mwalimu akanishika mkono. Akapita nyuma yangu hadi kona ya zizi, akarudi na yule mtoto mweusi wa mzao wa kwanza, ambaye sasa alikuwa amekua mzito, akamweka mikononi mwa Mwenyekiti.

"Huyu ni nani?" aliuliza Olang'.

"Ni mmoja wa wale walevi. Hamkuja kuwaona."

Mwenyekiti alimbembeleza mtoto kidogo, kisha akainama, akamweka chini kwa uangalifu. Miguu ya nyuma ikaenda upande, mtoto akaanguka, akalia. Mwenyekiti akamwinua haraka, akamweka tena, akimshika kiuno. Akamwachia. Akaanguka. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta wa kumpokea, na hakuna aliyenyoosha mkono, hata wale waliokuja naye. Min Akinyi akaleta chai. Mwenyekiti akanywa yake ameketi kwenye kigoda cha Mwalimu, kikombe mkono mmoja, mbuzi mkono mwingine, na mbuzi akilifyonza koti la Sabato.

"Anasikia uchungu?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Hapana," nilimjibu. "Hawezi tu."

"Na atapona?"

"Hatapona."

Olang' aliweka kikombe chini, akamshika kwa mikono yote miwili. Mwalimu akachuchumaa mbele yake, akamrekebishia kichwa cha mtoto kikae vizuri kwenye kiwiko.

"Huyu ndiye kosa langu, mwenyekiti," alisema. "Mkitaka kunisamehe, nisameheni huyu. Ile ingine mlinisamehea, mkitoka, mwende nayo."